Nani anaomba sahihi? Keneli, ulimwengu salama na mizani ya zabibu

Watu wengi wakisikia chipu ina TrustZone, ule mfumo wa ARM unaogawa prosesa pande mbili, ulimwengu wa kawaida wa Linux na ulimwengu salama, wanaona ishu ya usalama imeisha. Ufunguo wa siri uko ndani, Linux haiwezi kuusoma, basi. Mi nimekaa na hizi bodi muda sasa na naona kinyume kabisa, kuuficha ufunguo ndo sehemu rahisi, hiyo chipu yenyewe inakufanyia. Kazi iko kwenye kujua nani anaomba ufunguo utumike, na hilo swali chipu haina jibu lake, anayelijibu ni draiva ndani ya keneli (kiini cha Linux kinachosimamia maunzi), na kiolesura cha hiyo draiva ulivyokipanga siku ya kwanza ndo utaishi nacho miaka yote.

Nieleze kwanza tunachotengeneza ili nisiongee hewani. Huku kwetu Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mkulima wa Mpunguzi au Hombolo akishaleta kreti zake kituoni, hela yake yote inategemea namba iliyosomwa kwenye mzani. Karani anaandika, mkulima anarudi nyumbani, malipo yakija pungufu yanaanza malumbano, huyu anasema kilo hizi, daftari linasema zile, na daftari ndo linashinda siku zote. Sisi ni timu ndogo tu, tuko Area C, tunatengeneza kiboksi kinachokaa chini ya mzani: kinasoma uzito, kinaweka namba ya mkulima na tarehe, kinatia sahihi ya kidijitali, kikipata mtandao kinatuma. Ufunguo wa hiyo sahihi hatakiwi kuuona mtu yeyote, awe karani, awe fundi, hata sisi wenyewe tuliokitengeneza. Ndo maana tunatumia OP-TEE, mfumo mdogo wa upande wa salama ambao STMicroelectronics na Linaro waliuachia hadharani mwaka 2014, unakaa pembeni ya Linux kwenye prosesa hiyohiyo.

Sasa kwanini keneli iwe katikati? Prosesa za ARM za biti 64 zina ngazi. Programu za kawaida ziko EL0, keneli EL1, na juu kabisa EL3 kuna fimwea (programu ya ndani ya chipu) inayosimamia kuhama kati ya ulimwengu wa kawaida na ulimwengu salama. Kuvuka unatumia amri moja inaitwa SMC, na ukiiita ukiwa EL0 prosesa inaikataa palepale, inaihesabu ni amri isiyojulikana. Kwa hiyo programu yako ya mzani hata ufanyeje haiwezi kuongea na ulimwengu salama moja kwa moja, lazima ipite kwa keneli. Keneli inajaza rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa), ya kwanza inabeba namba ya huduma (biti ya 31 peke yake inasema kama ombi ni la haraka lisilokatizwa au ni la kusubiri linaloweza kukatizwa katikati), zingine zinabeba anwani na vigezo, alafu inaita SMC.

Hebu jiweke upande wa pili, kwenye ulimwengu salama. Kinachokufikia ni rejista tu. Hakuna jina la programu, hakuna mtumiaji, hujui kama aliyeanzisha ni apu ya mzani au ni kijiseva cha wavuti tulichomwekea fundi aunganishe wifi, ambacho kama kina tundu mtu yeyote aliye karibu na kituo anaweza kuingilia. Vyote vinafika kwa sura moja, vimetoka kwenye keneli. Ulimwengu salama haumwamini mtu yeyote upande wa Linux, na ni sawa kabisa, lakini hauna macho ya kutofautisha watu wa upande huo, mwenye macho hayo ni keneli peke yake.

Huyu tarishi wa ofisi tunamjua wote, hasa mji huu wenye wizara kila kona: barua hafungui, kilichomo hakimhusu, ila akifika pale Mtumba lazima aseme kweli imetoka kwa nani. Keneli kwenye TEE (ndo jina la jumla la mifumo ya upande wa salama kama OP-TEE) inatakiwa iwe hivyohivyo, na ajabu ni kwamba draiva nyingi nilizowahi kusoma, zile za watengenezaji wa chipu zisizoingia kwenye Linux kuu, zinafanya kinyume chake. Zinachungulia yaliyomo, zina kesi maalum kibao kwa kila programu salama, lakini swali la nani ametuma hazina habari nalo.

Kwenye Linux kuu hili limefanywa vizuri, naona ni haki kuwasifu. Mfumo wa TEE uliingia kwenye keneli 4.12 mwaka 2017, aliyeuandika ni Jens Wiklander wa Linaro, na kiolesura chake ni kidogo mno kwa kazi inayofanya: unafungua faili la kifaa /dev/tee0, unauliza vesheni, unafungua sesheni na programu salama kwa UUID yake (namba ndefu ya utambulisho), unatuma amri, unaghairi, unafunga. Basi na mambo ya memori kidogo. Keneli haijui kama unaomba sahihi au unafungua filamu, haitakiwi kujua. Lakini wakati wa kufungua sesheni unasema unaingia kama nani, kama umma, kama mtumiaji, kama kundi, na tangu 2020 keneli inaikokotoa yenyewe UUID ya mteja kutokana na namba ya mtumiaji au ya kundi, tena kwa kundi inahakikisha kwanza kama kweli umo. Wewe wa EL0 hujijazii utambulisho. Alafu kuna thamani kuanzia 0x80000000 mpaka 0xBFFFFFFF zimetengwa kwa ajili ya keneli yenyewe, programu ya kawaida ikijaribu kuingia nazo inarudishiwa EPERM, yaani huna ruhusa. Hicho kikaguzi kidogo, mistari michache tu, ndo kinafanya programu salama iweze kusema huduma hii ni ya keneli tu na ikamaanisha kweli.

Dogo mmoja tunayefanya naye kazi, katoka UDOM juzijuzi, ana akili nyingi sana, alikuja mezani kwangu akasema, "Kaka, apu ya mzani inakataliwa kufungua /dev/tee0, niweke ruhusa 666, kila programu iweze kuifungua, tumalizane?"

"Apu ya mzani itafika," nikamwambia. "Nani mwingine atafika?"

Akatulia kidogo. "Kijiseva cha wifi. Na huduma ya apdeti."

"Sasa programu salama itawatofautishaje?"

"Kama wote wanaingia kama umma... haiwezi kaka."

Akaenda mwenyewe akatengeneza kundi la mzani, apu ikaingia na utambulisho wa kundi, na programu salama ikawa inakagua UUID ya kundi hilo kabla ya kugusa ufunguo. Kijiseva cha wifi hata kikivamiwa leo, mvamizi hana cha kuomba, mpaka kwanza aivunje keneli. Akiivunja keneli ni habari nyingine, nitaifikia.

Wenzetu wa Intel na AMD nao wamekutana na swali hilohilo kwa njia yao. SGX ya Intel, inayotenga programu ndani ya prosesa, ilipoingia kwenye keneli 5.11 mwaka 2021 baada ya mjadala mrefu sana, ilikuja na faili mbili, /dev/sgx_enclave ya kila siku na /dev/sgx_provision ya peke yake, maana kuthibitisha utambulisho wa mashine ni mamlaka tofauti na kuendesha programu, kwa hiyo unaziwekea ruhusa tofauti. Na kwenye mashine pepe za siri, ripoti za uthibitisho siku hizi zinaombwa kupitia configfs (mafaili maalum ya kuiagiza keneli), unaandika data yako kwenye inblob unasoma jibu kwenye outblob, na kuna kifaili kinaitwa generation kinachoongezeka kila mtu akibadilisha maombi, ili ukisoma jibu ujue ni jibu la ombi lako na sio la mtu aliyepita katikati. Napenda sana hicho kifaili, maana aliyekiweka alishajiuliza swali letu la nani.

Kwenye memori ndo watu wanapoumia, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Santa Barbara walionyesha kitu walichokiita Boomerang. Programu ya kawaida inaiambia programu salama, naomba uniandikie jibu kwenye anwani hii, na hiyo anwani kumbe ni memori ya keneli. Ulimwengu salama una nguvu ya kuandika popote upande wa Linux, na haujui ukurasa upi ni wa nani, unaandika tu kwa utii. Kwa maneno mengine mtu asiye na ruhusa yoyote anatumia mkono wa mwenye ruhusa zote. Na haikuwa mfumo mmoja, walikuta kwenye mifumo kadhaa ya TEE iliyokuwa inatumika kwenye simu za watu.

Dawa yake iko kwenye kiolesura. Usipokee pointa ghafi (anwani ya memori) kutoka kwa mtumiaji ukaipeleka upande wa pili. Kwenye Linux kuu unaiomba keneli memori ya kushea au unasajili yako, unapewa kitambulisho, na ukituma amri unataja kitambulisho, mahali pa kuanzia na ukubwa. Keneli inakagua kama kitambulisho hicho ni chako kweli na kama mwisho haupiti ukubwa, ndo inageuza kuwa anwani halisi. Umeona swali limerudi? Hii memori ni ya nani, anayejua ni keneli.

Hata hivyo usidhani kitambulisho kinamaliza kila kitu. Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu CVE-2021-44733 ndani ya mfumo huohuo mzuri nilioutoka kuusifu: uzi mmoja wa programu unaachia memori, mwingine kwa sekunde ileile unaitafuta kwa kitambulisho, hesabu ya watumiaji imeshafika sifuri lakini kitambulisho bado hakijatolewa kwenye orodha, ukapata kitu kilichokwisha kufa. Agosti 2022 tena ikarekebishwa hesabu ya kurasa wakati wa kusajili memori, mtumiaji akitoa ukubwa wa ajabuajabu namba inazunguka na kuvuka kikomo. Hawa ni watu makini, pachi zinasomwa hadharani, na bado. We unayeandika draiva peke yako ofisini bila mtu wa kukusomea, jiulize mara mbili.

Na kuna mtego wa tatu ambao keneli haiwezi kukusaidia: memori ikiwa ya kushea, mwenye memori anaweza kuibadilisha wakati programu salama inaisoma. Inakagua ukubwa ni baiti 64, sawa, inaanza kunakili, katikati ukubwa umekuwa 6400. Programu salama inatakiwa inakili kwanza kwake ndo ikague nakala. Sisi kwenye kiboksi tuliona bora tusiipe nafasi hiyo kabisa, namba ya mkulima na namba ya kreti zinapita kama thamani tu ndani ya vile vigezo vinne, hazipiti kama bafa, na kinachorudi kwenye bafa ni rekodi fupi ya uzito na sahihi yake ya baiti 64. Hakuna cha kukagua mara mbili maana hakuna cha kusoma mara mbili.

Kuhusu kudumu nitasema kwa kifupi, maana yeyote aliyegusa keneli anaijua hii. Linus Torvalds ana msimamo wake unaojulikana kwamba programu za watumiaji hazivunjwi, kwa hiyo ioctl (ombi la programu kwa draiva) uliyoitoa leo ni ya milele. Pointa zibebwe kwenye namba za biti 64 hata kama programu ni ya biti 32. Sehemu za akiba lazima ziwe sifuri na keneli ikatae zisipokuwa sifuri, la sivyo siku unataka kuzitumia unakuta programu za watu zimeshajaza uchafu humo na huwezi kuzigusa tena. Na usiulize namba ya vesheni, uliza uwezo, hii inajua nini, haijui nini, kwa sababu huku vijijini fimwea na keneli haziendi pamoja: kiboksi cha Hombolo kinaweza kukaa kabatini toka msimu mmoja hadi mwingine, kikiwashwa kinakutana na keneli mpya na fimwea ya zamani, na lazima vikaongee.

Kuna jambo lingine ambalo umeme wetu umenifundisha kulichukulia kwa uzito. Ulimwengu salama wa OP-TEE hauna diski yake, hauna ratiba yake hata, unatembea kwa muda wa programu iliyouita. Ukitaka kuandika kitu unarudi Linux unaomba, na kwa miaka mingi ombi hilo lilikuwa linapelekwa kwa programu moja ya kawaida inaitwa tee-supplicant, inayoongea kupitia /dev/teepriv0. Sisi tuna kaunta ya rekodi, kila mzani ukipima inaongezeka moja, ili mtu asiweze kunyofoa rekodi katikati tusijue. Kaunta inakaa kwenye RPMB ya eMMC (chipu ya hifadhi ya kiboksi), sehemu ambayo kila uandishi unathibitishwa kwa ufunguo wa baiti 32 unaowekwa mara moja tu maisha yote, na ina kaunta yake ya uandishi ndani ili mtu asirudishe picha ya zamani.

Sasa angalia mzunguko huu: keneli inaomba kitu ulimwengu salama, ulimwengu salama unataka RPMB, unaiomba Linux, Linux inampa tee-supplicant ambaye ni programu ya EL0, naye anarudi kwa keneli ile ile kuiomba eMMC. Umeme ukikatika na kurudi, kiboksi kinawaka, keneli inahitaji TPM ya fimwea (kitunza funguo kinachokaa upande wa salama) mapema kabla diski haijafunguliwa, na tee-supplicant yuko kwenye diski ambayo haijafunguliwa. Imekwama. Kiusalama hakuna siri iliyovuja, data inalindwa na ufunguo, lakini keneli imekaa inamsubiri mtu aliye chini yake. Keneli 6.12 ya Novemba 2024 ilileta mfumo wa RPMB ndani ya keneli yenyewe na ombi hilo sasa linajibiwa hukohuko, na kwa maoni yangu haya ndo mabadiliko makubwa kuliko yote kwenye eneo hili kwa miaka ya karibuni japo watu hawakuyaongelea sana. Kanuni niliyochukua hapo: keneli isiahidi kitu ambacho kukitimiza kunategemea programu inayoweza kuuliwa kwa amri moja.

Upande wa fimwea kuna kisa cha 2016 ambacho kila anayepanga kiolesura anatakiwa akijue. Vigezo vya UEFI (fimwea ya kuwashia kompyuta) kwenye Linux vinaonekana kama mafaili chini ya efivarfs. Rahisi, kila mtu anajua mafaili. Ila watu walipofuta mfumo mzima kwa rm -rf, amri ikaingia na humo ikafuta vigezo vya fimwea, na laptopu fulani zenye fimwea dhaifu hazikuwaka tena, sio Linux imekufa, mashine yenyewe. Keneli ikabidi ianze kuyawekea mafaili hayo alama ya kutobadilika mpaka mtu ayafungue kwa makusudi. Swali ni lilelile, nani anaomba: aliyeandika rm hakuwa anaomba kufuta fimwea, lakini kiolesura kilimpa mamlaka hayo bila yeye kujua kama anayo.

Nirudi kwa kesi ya keneli kuvunjwa, niliahidi. Tulivyoanza, programu salama yetu ilikuwa inapokea uzito kutoka Linux na kuutia sahihi. Ukifikiria vizuri, hiyo sahihi inathibitisha kwamba kiboksi kilisema kilo 18, haithibitishi kwamba kreti ilikuwa na kilo 18. Mvamizi mwenye keneli mkononi hahitaji kuiba ufunguo, anaomba tu sahihi ya namba anayoitaka. Mama mmoja wa Mpunguzi, baada ya kuitikia mbukwa zetu (salamu ya Kigogo) na kukiangalia kiboksi kwa muda, aliuliza hivi: "Mwanangu, sahihi mnaitia kwenye mzani au kwenye maneno ya mzani?" Nikamwambia, "Kwa sasa ni kwenye maneno yake mama, kwenye mzani wenyewe bado."

Kwa hiyo tukahamisha kisoma uzito chenyewe. Chipu nyingi zina kidhibiti cha kugawa pini, hii ya Linux, hii ya upande wa salama, na kuanzia hapo Linux ikigusa pini isiyo yake inakataliwa na maunzi. Kisomaji tunachotumia ni HX711, cha biti 24, kina waya mbili tu za kuongea, na kina tabia moja: waya wa saa ukiuacha juu zaidi ya mikrosekunde 60 kinajizima. Ombi la kusubiri kwenye OP-TEE linaweza kukatizwa na Linux wakati wowote, kwa hiyo kila ule mdundo wa saa lazima uzuie kukatizwa, tena kwa muda mfupi mno, ukizuia usomaji wote kwa mkupuo Linux nayo inaanza kupoteza baiti za modemu. Tulihangaika napo sana hapo lakini inafanya kazi.

Na kilichonifurahisha ni jinsi kiolesura kilivyopungua. Linux sasa ina maombi mawili tu: pima kwa ajili ya mkulima huyu, na nipe rekodi yenye sahihi. Haina tena mahali pa kupitisha namba ya uzito. Mvamizi akiimiliki keneli yote anaweza kutunyima huduma, anaweza kuchelewesha, anaweza hata kubandika namba ya mkulima mwingine, hilo bado tunalifanyia kazi kwa kadi ya mkulima. Kubadilisha kilo hawezi, maana hakuna ombi la kufanya hivyo.

Kimebaki kioo. Namba anayoiona mkulima pale kituoni inachorwa na Linux, na Linux inaweza kuchora 18 wakati rekodi yenye sahihi inasema 16. Kuhamisha skrini nzima upande wa salama kunaleta msimbo mwingi ndani ambao sitaki kuuamini, kwa hiyo tumeamua risiti itoke na msimbopau wa mraba wenye rekodi na sahihi yake, mkulima au mwanae anaiskani kwa simu yake mwenyewe palepale kabla kreti haijaondolewa mzanini, na kama namba hazilingani anapima tena. Funguo za umma za vituo vyote zitakuwa wazi, mtu yeyote akitaka kuandika programu yake ya kuhakiki aandike, hata asipotumia yetu.